FORTRAN, COBOL, LISP au ALGOL: lugha ipi ya mwanzo ujifunze leo?

Ukishaizoea Python au JavaScript, mara nyingine huingia hamu ya kujua haya mambo yalianzia wapi. Ukifukua kidogo utakutana na majina manne yaleyale: FORTRAN, COBOL, LISP na ALGOL. Zote zilitoka kati ya 1957 na 1960, na ni shida kuipata lugha ya leo isiyo na damu ya mojawapo. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua moja tu, aiweke kwenye kompyuta yake na aandike nayo kitu kinachofanya kazi. Anayejiandaa na mtihani wa historia atafute kwingine.

Zilizotangulia nimeziacha. Konrad Zuse alibuni Plankalkül nchini Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini maelezo yake kamili yalichapishwa 1972, dunia ikiwa imeshapita njia nyingine. Alick Glennie alikuwa na Autocode yake pale Manchester mwaka 1952, Grace Hopper alikuwa na A-0 mwaka huohuo, na Kateryna Yushchenko aliunda lugha yake ya anwani mjini Kyiv mwaka 1955. Wote wanastahili kuandikiwa kivyao, ila huwezi kukaa jioni moja ukaandika programu kwa lugha hizo bila kwanza kutafuta namna ya kuigiza mashine ambazo zamani zimekuwa vyuma chakavu. BASIC ya 1964 nimeiacha kwa sababu nyingine: imechota sana kwa FORTRAN, na aliyemjua mzazi hapati taabu kumtambua mtoto.

FORTRAN na COBOL: bili mbili tofauti

Hizi mbili zilizaliwa kwa sababu ya fedha. Tofauti iko kwenye aina ya bili.

Bili ya FORTRAN ilikuwa ya mishahara na saa za mashine. Katikati ya miaka ya 1950 programu ziliandikwa kwa maagizo ya mashine yenyewe au kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na maagizo hayo, agizo baada ya agizo. John Backus wa IBM alieleza baadaye kwamba katika kituo cha kompyuta cha wakati ule, gharama ya waandishi wa programu ililingana na gharama ya kompyuta au kuizidi, na robo hadi nusu ya muda wa mashine ilipotea katika kusaka makosa. Mwishoni mwa 1953 alimwandikia mkubwa wake barua ya kuomba ruhusa ya kutengeneza mfumo ambao mwanahesabu angeandika mlinganyo wake karibu kama anavyouandika kwenye karatasi, kisha mashine ijitafsirie yenyewe.

Wabishi hawakuwa mameneja. Walikuwa mafundi. Waliamini hakuna programu inayoweza kutoa maagizo mazuri kama ya mtu mzoefu, na kompyuta mpya ya IBM 704 ilikuwa na saketi zake za kukokotoa desimali inayoelea (floating point), hivyo uzembe wowote wa mtafsiri ungeonekana wazi. Ndiyo maana kikosi cha Backus hakikupoteza usingizi juu ya uzuri wa lugha. Kwa maneno yake, lugha waliitunga huku wanatembea. Kilichokula miaka ni kompaila, yaani programu ya kutafsiri, ambayo ilibidi itoe maagizo yanayokimbia karibu sawa na yaliyoandikwa kwa mkono. Aprili 1957 boksi la kadi zilizotobolewa lilifika Westinghouse-Bettis, karibu na Pittsburgh, bila maelezo yoyote. Watu wa pale walikisia kuwa huo ndio mfumo uliongojewa, wakazilisha mashine, na jibu la kwanza walilopata ni lalamiko kwamba kuna mkato umesahauliwa. Kila aliyewahi kuandika programu anamjua huyo jamaa.

Bili ya COBOL ilikuwa ya kuhama. Kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuziamuru, kwa hiyo ukibadilisha mashine unaandika upya mfumo mzima wa mishahara, wa bohari na wa madeni. Mteja aliyeumia kuliko wote alikuwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyokuwa na kompyuta 225 na nyingine 175 zikiwa njiani. Tarehe 28 na 29 Mei 1959 wawakilishi wa watengenezaji na watumiaji walikutana Pentagon, wakaunda kamati, na kamati ndogo ikapewa kazi ya kutoa lugha ya muda, ya kusogezea siku wakati wengine wanatafakari kitu bora. Hicho kitu bora hakikuja. Lugha ya muda ndiyo inayokokotoa fedha hadi leo.

Humo ndani Grace Hopper hakuwa mjumbe wa kamati ndogo, lakini lugha yake ya FLOW-MATIC ndiyo iliyotoa umbo: maneno ya kawaida ya Kiingereza badala ya alama za hesabu. Jean Sammet na wenzake watano walifanya sehemu kubwa ya kuiandika. Desemba 1960 programu ileile moja, ikiwa na mabadiliko machache, iliendeshwa kwenye kompyuta za makampuni mawili yasiyopatana, RCA 501 na UNIVAC II, nayo ikakubali kote kuwili. Wizara ikamaliza mjadala: kompyuta isiyo na COBOL hatuinunui wala hatuikodi, isipokuwa mtengenezaji athibitishe kuwa haihitaji. Kwa mteja wa ukubwa ule, hiyo ilikuwa amri.

Kwa mwanafunzi wa leo, hizo bili mbili bado zinaonekana kwenye kila mstari. FORTRAN inakuuliza: nikimbie kasi gani? COBOL inakuuliza: atakayekuja baada yako ataelewa?

Ziweke mbele ya mshahara wa Mtanzania

Njia nzuri ya kuzitofautisha ni kuzipa kazi moja ya kawaida, tuseme kukata kodi kwenye mshahara, tukitumia majina ya Kiswahili.

Katika FORTRAN ya 1957 jina la kigeu (variable) halikuzidi herufi sita, na herufi ya kwanza ndiyo iliyoamua aina ya namba. Likianza na I, J, K, L, M au N, ni namba nzima; likianza na nyingine yoyote, ni namba yenye desimali. Wanahesabu walishazoea kutumia i, j na n kwa kuhesabia, basi wakafurahi. Sasa jaribu wewe. IDADI inaanza na I, namba nzima, sawa kabisa. BEI inaanza na B, ina desimali, nayo sawa. Lakini KODI inaanza na K, kwa hiyo senti zote zinadondoka kimyakimya. MSHAHARA hauingii kwenye herufi sita, unaukata uwe MSHAHA, na kwa kuwa unaanza na M nao unakuwa namba nzima. Tena namba nzima za kompaila ile ya kwanza hazikufika 32,768, kwa hiyo kodi ya laki moja isingeingia. Hii tabia ya herufi I hadi N bado ipo katika Fortran ya sasa usipoandika IMPLICIT NONE juu ya programu. Andika. Kila mara.

COBOL ilikuruhusu jina la hadi herufi 30 lenye vistari katikati, na hesabu ikasomeka hivi:

    SUBTRACT KODI FROM MSHAHARA GIVING MSHAHARA-BAADA-YA-KODI.

Hata mhasibu asiyejua kompyuta ataielewa, na ndiyo iliyokuwa nia. Watu huicheka COBOL kwa maneno mengi, na ni kweli inachosha vidole: programu ndogo kabisa inataka ujieleze kwa vichwa vya sehemu nne, utambulisho, mazingira, data na utaratibu, ingawa kompaila za leo husamehe baadhi. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, aliandika kwamba kuitumia kunalemaza akili na kuifundisha kuhesabiwe kosa la jinai. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pasipo na kitu akakipita kilichopo. Uzuri wa COBOL hauko kwenye vitenzi vyake, uko kwenye sehemu ya data:

    01  MSHAHARA   PIC 9(8)V99.

Mstari huo unasema: tarakimu nane, nukta ya desimali ambayo haiandikwi ila inajulikana ilipo, halafu senti mbili. Namba inatunzwa na kukokotolewa kwa desimali ileile aliyoijua karani. Hapa ndipo COBOL inaipiga FORTRAN bila huruma. Namba ya REAL ya kawaida katika Fortran ya leo inakaa kwenye biti 32, na ukichukua shilingi 16,777,216 ukaongeza shilingi moja, jibu ni 16,777,216 vilevile. Hakuna onyo. Kwa joto la bahari hiyo tofauti si kitu. Kwa akaunti ya mtu ni wizi. Fortran ina namna ya kupanua namba hizo, ila COBOL ilianza na swali hilo badala ya kulikumbuka baadaye.

Kwa upande mwingine, mpe COBOL matriksi ya milinganyo elfu moja na utaona jasho lake. FORTRAN inaandika kitanzi (loop) kwa mistari michache:

          JUMLA = 0
          DO 10 I = 1, 10
       10 JUMLA = JUMLA + I
          PRINT 20, JUMLA
       20 FORMAT (I5)
          END

Hiyo ni sura ya zamani, ambayo gfortran, kompaila ya bure ya leo, bado inaikubali kwa kunung'unika kidogo. Zile nafasi tupu za mbele si mapambo. Kadi ilikuwa na safu 80: tano za kwanza za namba ya mstari, ya sita ya kuonyesha mwendelezo, na sentensi yenyewe kuanzia ya 7 hadi ya 72. Ndani ya sentensi, nafasi hazikuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo ukikosea ukaandika nukta badala ya mkato, DO 10 I = 1.10, kompaila haioni kosa; inaona kigeu kipya kiitwacho DO10I kimepewa thamani 1.10. Utasikia ikisimuliwa kwamba nukta ya namna hiyo ndiyo iliyoangusha chombo cha Mariner 1 Julai 1962. Si kweli, kosa la Mariner 1 lilikuwa alama iliyosahauliwa wakati wa kunakili milinganyo ya kuongozea roketi. Mtego wa DO lakini ni wa kweli, na unaweza kuunasa leo kwa mikono yako.

LISP: hesabu isiyo ya namba

Hapa mwelekeo unabadilika kabisa. John McCarthy hakuwa na bili ya kupunguza. Kiangazi cha 1958 alikuwa IBM, akajipa zoezi: kompyuta ipewe mlinganyo wa aljebra kama alama, si kama namba, nayo itoe dirivativu yake, ile ya kalkulasi ya kidato cha tano na sita. Ukilifikiria utaona ugumu. Dirivativu ya jumla ni jumla ya dirivativu za vipande vyake, na kila kipande nacho kinaweza kuwa jumla au zao. Kanuni inajiita yenyewe. FORTRAN haikuruhusu fankisheni kujiita, na haikuwa na njia ya kusema ndani ya mlinganyo "ikiwa hivi, basi hivi, vinginevyo vile". Tena kazi hiyo huacha vipande vingi vya kumbukumbu ambavyo havihitajiki tena, na kumtaka mwandishi avifute kimoja kimoja kungeharibu uzuri wote wa kanuni.

Vuli ya mwaka huohuo, akiwa MIT, alianza lugha yenye vitu hivyo vyote: orodha, fankisheni zinazojiita, masharti ndani ya mlinganyo, na ufagiaji wa kumbukumbu unaofanywa na mfumo wenyewe. Python, Java na JavaScript zinafagia kumbukumbu zao leo kwa sababu ya zoezi lile la dirivativu.

Aprili 1960 alichapisha maelezo yake. Ndani yake aliandika fankisheni iitwayo eval, ambayo inaweza kusoma programu yoyote ya LISP na kuitekeleza, nayo imeandikwa kwa LISP. Kwake ilikuwa hoja ya kinadharia, ya kuonyesha kwamba lugha hii ni nyepesi kuliko mashine za Turing, zile kompyuta za kufikirika za wananadharia. Steve Russell, mwandishi wa programu katika mradi wake, alisema, mbona hii naweza kuiandika ikafanya kazi? McCarthy akamwambia unachanganya nadharia na vitendo. Russell akaiandika hata hivyo, kwa maagizo ya IBM 704, na LISP ikawa na mkalimani (interpreter) wake. Ni yeye huyuhuyu aliyeongoza kuandika mchezo wa Spacewar! mwaka 1962.

Zoezi la McCarthy leo ni hili:

    (defun diri (e x)
      (cond ((numberp e) 0)
            ((symbolp e) (if (eq e x) 1 0))
            ((eq (car e) '+)
             (list '+ (diri (cadr e) x) (diri (caddr e) x)))
            ((eq (car e) '*)
             (list '+
                   (list '* (cadr e) (diri (caddr e) x))
                   (list '* (diri (cadr e) x) (caddr e))))))

Ukiiuliza (diri '(* x x) 'x) inakujibu (+ (* X 1) (* 1 X)), yaani 2x ambayo haijarahisishwa. Mistari tisa. Isome polepole, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo lugha nyingine tatu hazina: mlinganyo uliopewa na programu inayoushughulikia vimeandikwa kwa umbo lilelile, orodha ndani ya mabano. Programu inaweza kuandika programu nyingine, ikaibadilisha, ikaiendesha. Yale maneno ya ajabu, car na cdr, ni mabaki ya IBM 704: neno la kumbukumbu la mashine ile lilikuwa na sehemu ya anwani na sehemu ya "decrement", na kila moja ilitunza nusu ya jozi. Mashine ilishakufa, majina yamebaki kwenye vinywa vya watu.

Kasoro? Mabano, bila shaka, ingawa kihariri kizuri kinakuhesabia. Kasoro ya kweli ni kwamba hakuna LISP moja. Kuna Common Lisp, kuna Scheme ya 1975, kuna Clojure ya 2007, kuna ile iliyo ndani ya kihariri cha Emacs, na mgeni hupoteza wiki akiulizana na watu aanze na ipi. Nakukatia shauri: Common Lisp, kwa kutumia kompaila yake ya bure, SBCL. Hoja za wapenzi wa Scheme nazijua, na zina uzito, lakini anayetaka kuonja historia akae karibu na mti mkuu.

ALGOL, lugha iliyoshinda bila kutumiwa sana

Mei 1958 wataalamu kutoka Ulaya na Marekani walikutana Zürich kutunga lugha moja ya kimataifa ya kuandikia kanuni za hesabu. Alan Perlis, aliyekuwapo, alisimulia kwamba mkutano ulikaribia kuvunjika kwa ugomvi wa nukta na mkato wa desimali, kwani Mmarekani huandika 3.14 na watu wengi wa Ulaya huandika 3,14. Walitoka kwa kukubaliana kwamba lugha iwe na sura tatu: ya rejea, ya machapisho, na ya kila mashine. Ukichekacheka, kumbuka kwamba suluhisho hilo lilikuwa na akili. Maneno kama begin na end yalihesabiwa kuwa alama, hayana uhusiano na herufi zake, kwa hiyo Warusi waliandika ALGOL kwa Kirusi, na hakuna ambacho kingezuia ALGOL ya Kiswahili.

Januari 1960 watu 13 walikutana Paris. Backus alikuwapo, McCarthy alikuwapo. Watu wa FORTRAN na LISP walikuwa wanajenga nyumba ya tatu pamoja. Peter Naur wa Denmark akahariri ripoti isiyofika kurasa 20, na sarufi ya lugha nzima ikaelezwa kwa kanuni rasmi alizobuni Backus na kunyooshwa na Naur. Kabla ya hapo, kuijua lugha kulimaanisha kuwa na mashine na kitabu cha mtengenezaji. Baada ya hapo, mtu angeweza kukaa Amsterdam na karatasi peke yake akatengeneza kompaila. Ndivyo walivyofanya Dijkstra na Jaap Zonneveld, na Agosti 1960 yao ikafanya kazi kwenye kompyuta ya Electrologica X1. Husimuliwa kwamba wawili hao waliapa kutonyoa ndevu hadi wamalize. Zonneveld akanyoa, Dijkstra akabaki nazo.

Kitu ambacho ripoti haikuwa nacho ni amri ya kusoma au kuchapisha chochote. Programu hii ni halali:

    begin
      integer i, jumla;
      jumla := 0;
      for i := 1 step 1 until 10 do
        jumla := jumla + i
    end

na jibu lake huwezi kuliona. Kila mtengenezaji alijiongezea amri zake za kuchapisha, kwa hiyo programu za ALGOL hazikuhama vizuri kutoka mashine hadi mashine, jambo ambalo ndilo lilikuwa kusudi la lugha ya kimataifa. IBM nayo ilikuwa na FORTRAN yake na haikuwa na sababu ya kuisukuma nyingine. Basi ALGOL ikawa lugha ya kuchapishia kanuni kwenye majarida ya kitaalamu, na watu wakaisoma zaidi ya walivyoiendesha.

Lakini angalia uzao wake. Pascal ya Niklaus Wirth. Simula ya Oslo, iliyoleta madarasa na vitu. BCPL, kisha B, kisha C, na kutoka C karibu kila lugha yenye mabano yaliyopinda. Vigeu vinavyoishi ndani ya bloku yake tu ni kazi ya ALGOL. Tony Hoare alisema ilikuwa nzuri kuliko hata nyingi zilizokuja baada yake, na nikilinganisha ripoti ile na nyaraka za lugha kadhaa za sasa, sioni pa kumbishia.

Zinakopatikana na zinakolipa

Kwenye Linux ya Debian au Ubuntu, tatu kati yake ni amri moja: gfortran, gnucobol na sbcl zote zipo kwenye hazina ya programu, bure. ALGOL 60 inapatikana kupitia GNU MARST, inayoigeuza kuwa C kwanza.

Fortran iko hai kwenye sayansi. LAPACK, maktaba ya hesabu za matriksi ambayo NumPy na SciPy za Python huitegemea, ni ya Fortran. WRF, modeli ya utabiri wa hali ya hewa inayotumiwa na nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo, nayo ni Fortran. Na usiogope zile safu za kadi. Tangu Fortran 90 unaandika popote kwenye mstari.

COBOL ina sifa ya kuleta kazi, na hapa naomba tuwe wakweli. Ni kweli kwamba Aprili 2020 gavana wa New Jersey aliomba hadharani watu wanaojua COBOL, mifumo ya mafao ya wasio na kazi ilipolemewa. Lakini mwajiri wa COBOL kwa kawaida anataka mtu anayezijua kompyuta kuu za IBM pamoja na kila kinachoizunguka lugha: JCL ya kuagizia kazi, CICS ya kuendeshea miamala, Db2 ya hifadhidata. Lugha yenyewe unaijua kwa wiki chache. Hayo mengine ndiyo miaka. Na mabenki mengi ya kwetu hununua mifumo iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo mlango huo uko zaidi Ulaya, Amerika Kaskazini na kwa makampuni yanayowafanyia kazi kwa mbali. LISP haitakupa ajira kwa jina lake, isipokuwa Clojure kwa uchache. ALGOL, hapana kabisa.

Basi uchague ipi

Mwanafunzi wa fizikia, uhandisi au hali ya hewa achukue Fortran, sura ya kisasa, asijisumbue na nyingine hadi ahitimu. Ataikuta kazini atake asitake.

Anayeshughulika na mifumo ya fedha, mhasibu aliyeingia kwenye kompyuta au mtu wa kompyuta aliyeingia kwenye uhasibu, ajifunze COBOL kwa wiki mbili hata kama hataitumia tena. Sehemu ya data itamfundisha kuiheshimu senti kuliko somo lolote la Python. Asiiendee kwa ndoto ya mshahara wa New York bila kuwa na njia ya kuzifikia kompyuta kuu.

Wengine wote, yaani wewe unayeandika tovuti na programu za simu na unataka lugha moja ya zamani ya kukupanua, chukua LISP. FORTRAN na COBOL zitakuonyesha mambo unayoyajua yakiwa yamevaa nguo za zamani. LISP itakuonyesha jambo ambalo huenda hujawahi kulifanya. Anza na ile diri ya hapo juu, uiongezee kutoa na vipeo, kisha andika fankisheni ya pili ya kurahisisha, ili (+ (* X 1) (* 1 X)) iwe (* 2 X). Hiyo ya pili ni ngumu kuliko inavyoonekana, na ndiko kujifunza kwenyewe.

ALGOL usiiandike, isome. Tafuta Ripoti Iliyorekebishwa ya 1963 mtandaoni, chapisha, kaa nayo na kalamu. Ukifika kifungu cha 5.4.4 utakuta sentensi fupi inayoruhusu jina la fankisheni kutokea ndani ya mwili wake. Iliingia Februari 1960, baada ya mkutano wa Paris kwisha, Adriaan van Wijngaarden alipompigia Naur simu kutoka Amsterdam kwa niaba yake na ya Dijkstra. Baadhi ya waliokuwa Paris waligundua lugha yao inaruhusu fankisheni kujiita ripoti ikiwa tayari imechapwa.